Walimu wa Jiografia wa Uingereza na Chama Chao

Wakati wa Jubilei ni desturi ya watu kutazama nyuma, kuhesabu miaka, na kuwakumbuka waliotangulia. Katika hesabu hiyo walimu hawakosi kutajwa, maana hakuna kazi ya kudumu iliyosimama pasipo wao. Lakini mara nyingi hutajwa mmoja mmoja, kana kwamba kila mmoja alifanya kazi peke yake katika chumba chake. Habari tunayoisimulia hapa ni ya walimu waliokataa kukaa peke yao. Ni habari ya chama cha walimu wa jiografia cha Uingereza, kiitwacho Geographical Association, kilichoanzishwa mwaka wa 1893 katika mji wa Oxford, nacho kingali hai hata leo. Tumeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, inaonyesha jinsi somo lililodharauliwa lilivyopata heshima kwa mikono ya walimu wenyewe. Ya pili, imegusana na nchi zetu za Afrika Mashariki kwa njia ambayo wasomaji wengi labda hawakupata kuisikia.

I. Somo lisilo na heshima

Mtu asidhani ya kuwa Waingereza wa karne ya 19 hawakuwa na habari za dunia. Merikebu zao zilitia nanga katika bandari nyingi, na huko London lilikuwako Shirika la Kifalme la Jiografia, lililoanzishwa mwaka wa 1830. Shirika hilo ndilo lililowatuma Burton na Speke kuyatafuta maziwa ya bara. Walitoka pwani yetu mwaka wa 1857, wakafika Ujiji mwezi wa Februari 1858, na mwezi wa Agosti mwaka uo huo Speke aliliona ziwa la Nyanza upande wa Mwanza. Pamoja nao alikuwako Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akapelekwa Bara Hindi, kisha akarudi Afrika akiwa mtu huru. Habari za safari hizo zilisomwa London kwa shangwe kubwa, na ramani za Afrika zikachorwa upya.

Lakini ndani ya shule za Uingereza hali ilikuwa nyingine kabisa. Mtoto aliamriwa kukariri majina: rasi za nchi hii, ghuba za nchi ile, mito, miji mikuu, na milima pamoja na urefu wake. Hakuulizwa kwa nini mji umejengwa mahali ulipo, wala mvua huletwa na upepo upi, wala kwa nini watu wa bonde hili hulima ngano na jirani zao mlimani huchunga kondoo. Mara nyingi aliyefundisha alikuwa mwalimu wa somo jingine, aliyepewa jiografia kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kuifundisha. Na watahini, walipogawa maksi, waliipa jiografia chache tu, hata mvulana mwenye akili aliona ni hasara kupoteza saa zake kwayo.

Mwaka wa 1884 Shirika la Kifalme lilimweka Bwana John Scott Keltie kuwa mkaguzi, akatazame jinsi somo hilo linavyofundishwa. Akazizungukia shule za Uingereza, kisha akavuka bahari kwenda Ujerumani na nchi nyingine za Ulaya. Huko Ujerumani alikuta maprofesa wa jiografia katika vyuo vikuu, na ramani nzuri za ukutani katika shule. Kwao hakukuta kitu cha kulinganisha. Taarifa yake iliwatia haya wakubwa wengi, na vyombo alivyokusanya, yaani ramani, atlasi na matufe ya dunia, vilionyeshwa London mwishoni mwa mwaka wa 1885, watu wajionee kwa macho yao.

Mwezi wa Januari 1887 kijana wa miaka 25, Halford Mackinder, alisimama mbele ya Shirika hilo akaeleza kwamba jiografia si orodha ya majina, bali ni elimu inayounganisha habari za nchi na habari za wanadamu wakaao humo. Mwaka huo Chuo Kikuu cha Oxford kikampa kazi ya kufundisha, Shirika likisaidia kulipa mshahara wake. Mackinder mwenyewe alisimulia baadaye kwamba somo lake la kwanza lilihudhuriwa na watu watatu tu: mwalimu mmoja wa chuo, aliyesema kwamba jiografia ya Uswisi anaijua kwa kuwa amesoma kitabu cha wasafiri, na mabibi wawili waliokuja na kazi yao ya kufuma. Mwanzo wake ulikuwa mdogo namna hiyo.

II. Picha za kioo

Basi, taarifa ilikuwa imeandikwa, na mwalimu wa Oxford alikuwa amepatikana. Lakini mambo hayo yalikuwa ya wakubwa. Mwalimu wa darasani, aliye mbali na London, alikuwa amefaidiwa nini? Alikuwa na ubao wake, chaki yake, na labda ramani moja iliyochakaa.

Katika shule ya wavulana ya Rugby alikuwako mwalimu jina lake B. B. Dickinson. Yeye hakuanza na hotuba wala na kitabu. Alianza na taa ya picha. Wasomaji wazee huenda wakaikumbuka taa hiyo: sanduku lenye mwanga mkali ndani yake, na mbele ya mwanga huwekwa kipande cha kioo chenye picha, na picha hiyo hutokea kubwa juu ya shuka nyeupe ukutani. Mtoto ambaye hajapata kuuona mlima wa barafu wala jangwa la mchanga aliweza kuviona akiwa ameketi darasani. Lakini picha za kioo zilikuwa ghali, na picha njema za kufundishia zilikuwa haba. Mwalimu mmoja hakuweza kupata za kutosha. Dickinson akaona kwamba walimu wa shule nyingi wakishirikiana, kila mmoja atapata kufundishia kile ambacho peke yake asingeweza kukinunua.

Akawaandikia wenzake, na mwezi wa Mei 1893 walimu wachache wakakutana Oxford, katika nyumba ya Christ Church, pamoja na Mackinder. Humo ndimo chama kilimozaliwa. Dickinson akawa katibu. Rais wa kwanza alikuwa Bwana Douglas Freshfield, mpanda milima mashuhuri aliyeifahamu sana milima ya Kaukasi, ambaye pia alikuwa katibu wa Shirika la Kifalme. Siku zile zile Shirika hilo lilikuwa katika ugomvi mkubwa, je, wanawake wapokewe kuwa wanachama au wasipokewe? Freshfield alisimama upande wa wanawake, na mwaka wa 1894 akauacha ukatibu wake. Shirika halikuwafungulia wanawake mlango mpaka mwaka wa 1913. Chama cha walimu hakikungoja mpaka hapo. Mwanzoni kilikuwa cha walimu wa shule kubwa za wavulana, lakini haikuchukua muda mrefu kikawapokea walimu wa shule za kila namna, wanaume kwa wanawake.

Kazi yake ya miaka ya kwanza ilikuwa ya namna mbili. Kwanza, kupashana vyombo vya kufundishia: picha, ramani, na habari za vitabu vizuri. Pili, kuwaandikia watahini na wakubwa wa elimu, kuwaomba waipe jiografia nafasi yake ya haki. Barua ya mwalimu mmoja hutupwa kwa urahisi. Barua ya chama hujibiwa. Hata mwaka wa 1904 serikali ilipotoa kanuni za shule za sekondari, jiografia ilitajwa miongoni mwa masomo ya lazima.

III. Mlima Kenya

Hapa habari yetu inafika Afrika Mashariki. Mwaka wa 1899 ulikuwa mwaka wa kazi nyingi kwa Mackinder. Huko Oxford palifunguliwa Shule ya Jiografia chini ya uongozi wake. Na mwaka huo huo alikuja kwetu kuupanda mlima Kenya, ambao Wakikuyu huuita Kirinyaga. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa ndiyo kwanza imefika Nairobi. Kutoka hapo msafara uliondoka mwezi wa Julai: Wazungu 6, Waswahili 66, Wakikuyu 96, na Wamasai 2 wa kuongoza njia.

Nchi walimopita ilikuwa katika njaa na ndui. Chakula hakikupatikana, watu wa vijijini waliuogopa msafara na kuuchukia, kwa kuwa baadhi ya wapagazi walinyang'anya mali zao, na watu wawili wa msafara wakauawa. Ikawa lazima mmoja atumwe Naivasha kuomba msaada. Hatimaye, tarehe 13 Septemba 1899, Mackinder na Wazungu wawili wenye ujuzi wa milima, César Ollier na Joseph Brocherel, walifika kileleni. Kilele hicho akakiita Batian, kwa jina la Mbatiani, laiboni mkuu wa Wamasai.

Huko Uingereza sifa ya safari hiyo ilikuwa kubwa. Lakini msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuuliza: je, wale watu zaidi ya 160 waliochukua mizigo, majina yao yako wapi? Katika vitabu vya shule yalitajwa majina ya Wazungu na jina la mlima. Shajara ya Mackinder haikuchapwa mpaka mwaka wa 1991, na tangu hapo wataalamu wameyachungua upya matendo ya msafara ule na jinsi wapagazi walivyotendewa, wala si yote yaletayo heshima.

Jambo hili si la kando. Linatufikisha kwenye swali lililokaa ndani ya somo lenyewe: jiografia hufundishwa kwa ajili ya nani? Mackinder hakuficha nia yake. Alitaka watoto wa Uingereza waizoee dola yao, waione dunia kama watu watakaoitawala. Tangu mwaka wa 1902 iliundwa halmashauri chini ya wizara ya makoloni, ya kutengeneza masomo ya picha za kioo, ili watoto wa Uingereza waone nchi za dola, na watoto wa nchi hizo waione Uingereza. Mackinder alikuwa mtu mkubwa katika kazi hiyo. Masomo yake juu ya Bara Hindi yalichapwa mwaka wa 1910. Halmashauri hiyo haikuwa ya chama cha walimu. Lakini tazama, chombo kilikuwa kile kile: taa, kioo, na shuka nyeupe. Kwa Dickinson kilikuwa cha kumfungua mtoto macho. Kwa dola kilikuwa cha kumwonyesha mtoto kile ambacho dola ilitaka akione.

IV. Gazeti la walimu

Kama chama kingejengwa juu ya nia ya dola peke yake, kingekufa pamoja na dola. Kilichokiokoa ni kazi ya kila siku, na katika kazi hiyo anastahili kukumbukwa Andrew John Herbertson.

Herbertson alikuwa Mskoti, aliyezaliwa mwaka wa 1865. Katika ujana wake alipata kukaa juu ya mlima wa Ben Nevis, katika nyumba ya kupimia hali ya hewa. Alikwenda Oxford kumsaidia Mackinder, na mwaka wa 1900 akaupokea ukatibu wa chama. Mwaka uliofuata, 1901, akaanzisha gazeti liitwalo The Geographical Teacher. Humo mwalimu wa kijijini aliweza kusoma jinsi mwenziwe alivyowafundisha watoto kupima mvua kwa chombo cha bati, au jinsi ya kuutengeneza mfano wa bonde kwa udongo, au ramani ipi inafaa kununuliwa. Mkewe Herbertson naye aliandika vitabu vya shule pamoja na mumewe.

Herbertson ndiye pia aliyeeleza kwamba dunia yaweza kugawanywa katika majimbo ya asili, kwa kufuata joto, mvua, sura ya nchi na mimea, pasipo kutazama mipaka ya serikali. Fundisho hilo, alilolitoa mwaka wa 1904, liliwafaa sana walimu. Badala ya kukariri nchi moja moja, mtoto aliweza kuelewa kwa nini pwani ya magharibi ya bara moja hufanana na pwani ya magharibi ya bara jingine. Baadaye wataalamu walilisahihisha katika mambo mengi, lakini lilikuwa limekwisha kuifanya kazi yake: liliiondoa orodha ya majina, likaweka sababu mahali pake. Herbertson alifariki mwaka wa 1915, na mkewe akamfuata baada ya wiki chache.

V. Miaka 30 ya Fleure

Vita ya kwanza ya dunia ilipokuwa ikiendelea, mwaka wa 1917, ukatibu na uhariri ulipewa Herbert John Fleure. Huyu alizaliwa katika kisiwa cha Guernsey mwaka wa 1877. Utotoni alikuwa mgonjwa mno, hata miaka mingi hakuweza kwenda shule, akajifunza nyumbani. Huenda ndiyo sababu hakumdharau mwanafunzi ye yote dhaifu. Alikuwa profesa huko Aberystwyth katika nchi ya Wales, na makao ya chama yakahamia huko pamoja naye. Alipohamia Manchester mwaka wa 1930, chama kikahama naye tena. Mwaka wa 1927 gazeti lilibadilishwa jina, likaitwa Geography, na jina hilo linalo hata sasa.

Fleure aliichukua kazi hiyo miaka 30, mpaka mwaka wa 1947. Katika muda huo matawi ya chama yaliongezeka katika miji mingi. Lakini mabadiliko makubwa yalikuwa ya moyo. Fleure alisomea habari za wanyama na za wanadamu kabla ya kuwa mwalimu wa jiografia. Kwa elimu hiyo alipinga fundisho lililoenea Ulaya siku zile, kwamba lipo taifa la damu safi lililo bora kuliko mengine yote. Alifundisha kwamba kila watu wametokana na mchanganyiko, na kwamba kazi ya jiografia ni kumsaidia mtoto amfahamu mtu wa mbali katika nchi yake, kwa kazi yake na shida zake, asimhesabu kama mtu wa kutawaliwa tu. Hivyo swali lile la jiografia ni kwa ajili ya nani likapata jibu jingine, nalo lilitoka ndani ya chama kile kile, Mackinder akiwa yu hai na akiheshimiwa humo. Hakuna habari ya kwamba walimu walivunjana kwa ajili ya jambo hilo. Walibadilika polepole, somo kwa somo.

Katika miaka hiyo ilifanyika kazi moja inayoonyesha vema nguvu ya walimu wakishirikiana. Mwaka wa 1930 Profesa Dudley Stamp wa London alianza kuipima Uingereza yote ijulikane kila shamba linatumiwa kwa kazi gani. Hakuwa na fedha za kuajiri wapimaji wengi. Akawaomba walimu na wanafunzi wao. Watoto wakatoka na ramani za mtaa wao, wakatembea shamba kwa shamba, wakaandika: hapa ni ngano, hapa ni malisho, hapa ni msitu, hapa ni bustani. Vita ya pili ilipokuja na chakula kutoka ng'ambo kikapungua, ramani hizo zilitumiwa na serikali kupanga kilimo. Kazi waliyoianza kama somo la shule ilisaidia kuilisha nchi. Na chama kilipotimiza miaka 50, mwaka wa 1943, kilikuwa kingali katikati ya vita hiyo.

VI. Kilichopatikana hupotea pasipo mlinzi

Baada ya Fleure, ukatibu ulipewa Bibi Alice Garnett wa Chuo Kikuu cha Sheffield, naye akauchukua miaka 20. Mwaka wa 1950 makao yakahamia Sheffield. Miaka iliyofuata ilileta njia mpya za kufundisha, zenye hesabu na vipimo vingi, na wako walimu waliozifurahia na walioziogopa. Mwaka wa 1975 chama kilianzisha gazeti la pili, Teaching Geography, lenye kushughulika na mambo ya darasani, na mwaka wa 1989 la tatu kwa walimu wa watoto wadogo.

Mtu angedhani ya kuwa baada ya miaka karibu 100 somo hili lilikuwa limekwisha kupata usalama. Haikuwa hivyo. Katika miaka ya 1980 serikali ya Uingereza ilianza kufikiri juu ya mpango mmoja wa masomo kwa shule zote, na jiografia haikuwa na hakika ya kuingizwa. Mwaka wa 1985 Waziri wa Elimu, Sir Keith Joseph, alikuja mbele ya chama akauliza maswali: jiografia inamfaa mtoto kwa nini, na itapotea nini ikiondolewa? Walimu hawakukasirika, wala hawakujibu kwa kelele. Walikaa wakayajibu maswali yake kwa maandishi, na mwaka wa 1987 wakatoa kitabu cha kuitetea jiografia. Sheria ya elimu ya mwaka wa 1988 ilipotoka, jiografia ilikuwamo.

Mwaka wa 1993 chama kilitimiza miaka 100. Mwaka wa 1996 watoto wa shule walitoka tena mashambani na mitaani na ramani zao, kama babu zao walivyotoka siku za Stamp, waone nchi imebadilikaje. Na tangu mwaka wa 2006 hata 2011 chama kilifanya kazi pamoja na lile Shirika la Kifalme, kwa fedha za serikali, kuwasaidia walimu waliokuwa wakilegea. Mashirika hayo mawili, lile lililowatuma wasafiri na hiki kilichowakusanya walimu, yalisimama bega kwa bega.

Mwisho

Katika habari hii yako majina makubwa: Mackinder, Herbertson, Fleure. Lakini chama hakikuishi kwa majina hayo. Kiliishi kwa maelfu ya walimu waliolipa ada zao, wakasoma gazeti usiku baada ya kusahihisha madaftari, wakaandika barua, wakamwazima mwenzao picha. Wengi wao hawakutajwa po pote, kama vile wapagazi wa mlima Kenya wasivyotajwa, ingawa mzigo wa mwalimu aliuchukua kwa hiari yake, na wa mpagazi haukuwa hivyo siku zote.

Mwalimu wa kwetu anayefundisha jiografia leo anaweza kuchukua mambo mawili hapa. La kwanza ni kwamba kitu alicho nacho, hata kikiwa kidogo, kikitiwa pamoja na cha mwenzake huwa kingi. Haba na haba hujaza kibaba. La pili ni kwamba ramani haisemi yote. Anapowaonyesha watoto kilele cha Batian, awaambie pia kwamba mlima ulikuwa na jina kabla ya hilo, na kwamba waliochukua mizigo walikuwa watu wa nchi hizi. Mtoto akiyajua hayo, ataisoma ramani kama mtu aliyemo ndani yake.